Uzito wa Mbele

Zamani kidogo, ukipita Eneo la Viwanda la Thika usiku, ungemkuta soja amekaa kwa geti na jiko la makaa, redio ndogo, na upinde umeegemezwa ukutani. Wengi wao walikuwa Wakamba waliotoka pande za Matuu, Kithimani na Machakos kutafuta kazi. Watu wa mjini waliwacheka. Ati kiwanda kimejaa mashine za ng'ambo, halafu kinalindwa na mshale!

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao masoja. Alilinda godauni moja miaka 19 na hakumpiga mtu hata siku moja. Alisema upinde wa soja kazi yake ni kuonekana. Baadaye mwenye godauni akaleta kampuni ya ulinzi, na kampuni ikawaambia wazee waache hizo silaha nyumbani, inawaaibisha mbele ya wateja. Wakapewa rungu na tochi. Upinde wa baba ukarudi Kithimani, ukawa wa Jumapili: yeye, wazee wawili watatu, na gunia lililoshindiliwa maganda ya mahindi.

Mwaka juzi akapata kiharusi. Nguvu za mkono wa kulia zilirudi, lakini hazikurudi zote. Niliupima ule upinde wake wa zamani kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza vyuma kuukuu: kuuvuta hadi shavuni kulitaka kilo 23. Hangeweza tena. Jirani akamchongea mwingine wa kilo 16, na huo aliumudu. Shida ikawa mishale.

"Inaenda kushoto," aliniambia kwa simu. "Yote."

Mimi hukereza vyuma kwenye karakana moja karibu na Makongeni, kwa hivyo maneno kama hayo hayaniachi nilale. Kitu kimoja kikienda kushoto, kina kasoro. Vyote tisa vikienda kushoto, kuna sababu.

Mshale wa mbao hautoki kwenye upinde ukiwa umenyooka. Upote ukiachiliwa unausukuma mti ghafla kutoka nyuma, na kichwa cha chuma kule mbele hakina haraka ya kuondoka. Mti ukibanwa hivyo unapinda, unaupita upinde huku ukicheza kama samaki, kisha unatulia angani. Katika miaka ya 1930, Mmarekani Clarence Hickman aliupiga filamu ya kasi na watu wakajionea kwa macho. Mti ukiwa na ugumu unaolingana na nguvu ya upinde, mkia wake unapita bila kugusa kitu. Ukizidi ugumu haupindi vya kutosha, unajikwaruza kwenye upinde, na kwa anayeushika upinde kwa mkono wa kushoto kama baba, unakwenda kushoto. Ukizidi ulaini unakwenda kulia.

Kwa hivyo mishale ya mzee haikuwa imeharibika. Ilikuwa ileile, imenyooka vilevile, manyoya yake mazima. Ilichongwa kwa ajili ya mwanamume wa kilo 23, na huyo mwanamume hakuwepo tena.

Jumamosi nikapanda matatu ya Garissa Road. Nilipigilia misumari miwili kwenye ubao, nikawa nalaza kila mti juu yake, naning'iniza paketi ya sukari ya kilo moja katikati, kisha napima kwa rula umeshuka kiasi gani. Mzee alikuwa ameketi pembeni. Bila kuniuliza, akawa anachukua ile niliyomaliza, anaukunja mti kidogo juu ya paja kwa mkono wa kushoto, anaupanga chini. Nilipomaliza tukalinganisha mpangilio wake na wangu. Ilipishana miwili tu ya katikati, na hiyo ilitofautiana kwa unywele.

"Sasa sukari imesema nini?"

"Imekubaliana na wewe."

"Basi irudishe jikoni, watu wanywe chai."

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuipunguza miti unene. Hiyo ni rahisi na ni hatari, kwa sababu ugumu wa mti wa mviringo haushuki sawa na unene: ukipunguza unene kwa asilimia 10, ugumu unaanguka kwa karibu thuluthi moja. Msasa ukizidi mara mbili tatu, basi, hakuna kurudisha. Ya pili ni kuongeza uzito mbele. Kichwa kikiwa kizito kinakuwa kigumu zaidi kusukumika, na mti uleule unapinda zaidi, kana kwamba umelainika. Na uzito ukikosea unautoa.

Nilimweleza zote mbili. Akashika mti mmoja, akauangalia kwa muda mrefu.

"Hii ilikatwa na kaka yangu," akasema. "Yeye hayupo. Usiiguse na msasa."

Basi uzito. Wapiga mishale ya mbao hukadiria hivi: ukiongeza gramu 1.6 mbele, mti unafaa upinde ulio mwepesi kwa kilo 2 na kidogo. Sisi tulikuwa tumepoteza kilo 7, kwa hivyo hesabu ilidai gramu 5 hivi. Vichwa vyake ni misumari ya inchi nne iliyofuliwa, gramu 10 kila kimoja. Kazini, saa ya chakula, nilikereza pete za brasi za gramu 3, 4, 5 na 6. Pete inavaa pale chuma kinapoingia kwenye mti, kwa hivyo inazuia mti usipasuke pia.

Jumapili iliyofuata tulianza na gramu 3. Kushoto, lakini si sana. Gramu 4, karibu. Gramu 5, mshale ukaenda ulikotumwa, kimya, bila ule mkwaruzo. Gramu 6 ukaanza kuvutwa kulia. Tukarudi kwa 5.

Ila uzito una bei yake. Upinde mwepesi na mshale mzito, safari inakuwa fupi. Hatua 40 zilikuwa umbali wake tangu nikiwa mtoto. Sasa mshale ulienda sawasawa kabisa, ukachoma mchanga kabla ya gunia. Nikaanza kumwambia alenge juu zaidi.

Akanikatiza kwa kunisimulia Wawaata wa Tsavo, ambao wazungu waliwaita Waliangulu. Pinde zao zilizidi kilo 45, na mishale yao ilipakwa sumu ya msunguti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata kabla ya hapo wenzao wengi walikuwa wameshafungwa. "Na upinde wa namna hiyo," akasema, "bado walimnyemelea ndovu mpaka wamsikie akipumua. Umbali si sifa."

Halafu akainuka na bakora yake, akachechemea hadi kwenye gunia, akalikokota kwa mkono mmoja. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Alirudi akihesabu kwa sauti, akasimama kwenye 22.

Mishale tisa. Saba iliingia kwenye gunia.