Swali la Mafua

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na ngiri ya kinena. Alipotimiza miaka mitatu daktari alitukumbusha kwamba kwa mtoto ngiri ya namna hiyo haiponi yenyewe, na utumbo ukinaswa pale huwa ni dharura. Tukapangiwa siku ya upasuaji. Jioni ya kuamkia siku hiyo wazee wa kanisa walikuja nyumbani, tukaimba, tukaomba.

Usiku mtoto akaanza kukohoa.

Asubuhi, getini mwa hospitali, tulimfuta kamasi mara mbili, tukatazamana, tukaingia. Muuguzi akauliza kama amekula. Hapana, tangu jana usiku. Ana homa, mafua au kikohozi? Hapana. Tulijibu kwa pamoja, kama tunavyoitikia liturujia.

Tulikuwa na sababu zetu. Tarehe ile tuliisubiri miezi minne, nauli ilikuwa imetumika, ruhusa imeombwa. Tena tulijiambia neno linalosikika kama imani: tumeshaomba, Mungu atalinda. Wapendwa, sisi tunaowafundisha vipaimara amri ya nane tuliufunika uongo kwa maombi ya wazee wetu.

Benchi halikukalika. Tukamfuata mtaalamu wa dawa ya usingizi, kijana mpole, tukamwambia kweli. Hakutugombeza. Alisikiliza kifua cha mtoto, kisha akatukalisha. Alisema nusukaputi kwa mtoto mwenye afya ni salama sana siku hizi, lakini mafua hufanya njia ya hewa iwe nyepesi kushtuka. Mtoto anapoingia usingizini au anapoamka, koo linaweza kujifunga ghafla, na mtoto mdogo huishiwa oksijeni upesi kuliko mtu mzima. Kumfungisha nako kuna sababu: chakula kwa muda wa saa sita, maji saa mbili, maana aliyelazwa kwa dawa hawezi kuzuia matapishi yasiingie mapafuni.

“Mchungaji,” akasema, “mlichokiona ninyi usiku, mimi siwezi kukiona.”

Tukamwuliza pia kuhusu ubongo, kwa kuwa tulisoma tahadhari iliyotolewa Marekani mwaka 2016. Akajibu kwamba ile inahusu watoto wa chini ya miaka mitatu wanaolazwa zaidi ya saa tatu, au mara kwa mara. Wetu angelala chini ya saa moja.

Tukarudi nyumbani na mtoto wetu na kikohozi chake. Kuwaeleza wazee wa kanisa kulituwia vigumu kuliko kumwambia yule kijana, lakini tuliwaeleza yote, pamoja na ile “hapana”.

Baada ya wiki sita tulirudi, kifua kikiwa safi. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji muuguzi alinyoosha mikono ampokee. Kwenye ubatizo tumezoea kupokea watoto wa wenzetu, siku ile tulikawia kumwachia wa kwetu, mpaka muuguzi akatuambia taratibu, “Mama Mchungaji, nipe.”

Alipoamka alilia kwa nguvu, akatupiga mateke, hakututambua kwa karibu nusu saa. Tulikuwa tumeonywa kwamba hutokea na hupita. Hata hivyo tuliogopa. Akatapika mara moja. Koo lilimwuma mpaka kesho yake.

Jioni akamwita mama yake kwa jina lile lile la kila siku, akaomba uji.