Usitaje Jina Mapema

Kuna mchezo wa wazee wa Kariakoo ambao umenifundisha kufikiri kuliko madarasa mengi niliyokaa. Unachezwa kwenye kijiwe cha kahawa jirani na Mtaa wa Sikukuu, saa zile maduka yanashusha milango na wasukuma mikokoteni wanaomba njia katikati ya wamachinga wanaofunga bidhaa. Mmoja anasema, "Kitendawili!" Wenzake wanaitikia, "Tega!" Naye anatega ndege ya kivita, mojawapo ya zile zilizowahi kupigana katika pande hizi za Afrika Mashariki. Anatoa dalili ya kwanza, anapiga funda la kahawa, anatoa ya pili, kisha ya tatu. Anayekosa anatoa mji kama ilivyo ada, na kahawa ya baraza zima inakuwa juu yake.

Katika mchezo huo wanaoshinda mara nyingi ni wale wanaochelewa kutaja jina. Wajuzi wa majina mengi hushindwa kwa sababu dalili ya kwanza tu huwatosha. Jina likishatamkwa, masikio hufunga, na dalili ya pili inayokuja kulikanusha haisikiki tena. Nimeliona jambo hilo barazani, na nimeliona zaidi nje ya baraza.

Chukua kitendawili hiki: ndege ya mwaka 1915, mabawa yake mawili yamepandana, ilipigana Rufiji. Anayefahamu kidogo historia ya ndege za Waingereza hurukia Sopwith, maana jina hilo ni kubwa. Mzee anayesubiri hupata dalili ya tatu: injini yake ilikuwa nyuma ya rubani. Hapo Sopwith inaondoka na Henri Farman inabaki.

Kisa chake kinastahili kusimuliwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye maji yale mafupi yenye mikoko, ikabidi itafutwe kutoka angani. Kwanza alikuja Cutler, rubani raia, na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Aliiona manowari Novemba 1914, na mwezi uliofuata akatekwa. Februari 1915 zikaletwa Sopwith mbili. Kwa sifa zilikuwa bora, lakini joto na unyevu wa pwani yetu viliziangusha: injini zilikosa nguvu ya kupanda na mabomu, na gundi iliyoshika mbao ikaachia. Zikaja Short, na hatimaye, katikati ya mwaka, Farman na Caudron zilizoruka kutoka uwanja uliotengenezwa kisiwani Mafia.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta ndani ya Farman, wakiwaelekeza kwa simu ya upepo wapiga mizinga wa meli ya Waingereza, Severn: ongeza, punguza, sogeza kushoto. Königsberg ikawapiga, injini ikafa. Huku ndege ikishuka kimya kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma marekebisho. Waliangukia majini, mashua ya Mersey, meli nyingine ya Waingereza, ikawaokoa, na siku hiyo Königsberg ikawa imekwisha.

Hapo nilipata fundisho la kwanza: kabla ya kuuliza sifa, uliza mahali. Sopwith haikuwa ndege mbaya, ila hapa hapakuwa kwake. Nina ndugu yangu aliyehesabiwa mtu asiyefaa kwa miaka yote aliyokaa ofisini. Leo anauza vitambaa Mtaa wa Congo, na wateja wanasafiri kutoka mikoani kumfuata yeye kwa jina. Tuliomwita mzembe tulikuwa na dalili moja tu mkononi.

Kitendawili cha pili ni kizito zaidi. Pua yake ni tundu la kumeza hewa, mabawa yamelala kwa nyuma, ilikuwa angani wakati wa Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda. Vijana hujibu kwa sauti moja, "Ya Idi Amin!" Mzee mmoja aliyewahi kuvaa magwanda hunyoosha kiganja, akakilaza nyuma: hii MiG-17. Anaunganisha viganja viwili vifanye pembetatu: hii MiG-21, na katikati ya tundu la pua kuna koni. Anaonyesha vidole viwili: hii familia ya MiG-19, ina matundu mawili ya moto nyuma. Kisha anauliza, "Sasa niambieni, ya nani?"

Hakuna anayejibu, kwa kuwa umbo peke yake halisemi. Uganda ilikuwa na MiG zilizotoka kwa Wasovieti. Tanzania ilikuwa na ndege zilizotengenezwa China kwa kufuata miundo ileile. Kwa mtu aliye chini, mwenye mzinga na sekunde chache za kuamua, zote ni ndugu wa tumbo moja. Na katika vita ile ilitokea ndege zetu zikatunguliwa na wanajeshi wetu wenyewe. Mzee akifika hapo huacha kuzungumza kidogo, na hakuna anayemharakisha.

Hofu ndiyo inayotaja majina haraka kuliko kitu kingine chochote. Kariakoo tunaijua hofu hiyo. Jioni moja pale Msimbazi kijana alikuwa anakimbia na begi, na sauti moja tu ikasema, "Mwizi!" Watu walishaanza kuokota mawe. Mama mmoja muuza matunda akasimama mbele ya yule kijana, akakunja mikono, akauliza, "Kaiba nini? Cha nani? Mwenyewe yuko wapi?" Mwenye mali hakujitokeza, kwa sababu hakuwepo. Kijana alikuwa anawahi basi la Mbagala. Maswali matatu ya yule mama yalikuwa dalili tatu, na yaliokoa roho ya mtu.

Kitendawili cha tatu hujibiwa upesi, maana ndege yenyewe haina mfano: injini mbili zimepandishwa juu ya mkia, moja kila upande wa bawa la wima, na ina mbio kupita sauti. Ni Tu-22 ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Tarehe 29 Machi 1979 ilikwenda kupiga Mwanza. Ikakosa, na walioumia zaidi ni wanyama wa kisiwa cha Saanane, swala wakiwa miongoni mwao. Siku 13 baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nao, na wengi wao walifika kwa miguu. Tangu nilipokielewa kisa hicho, mtu akinisomea sifa za kitu au cheo cha mtu, huwa namuuliza amefanya nini nacho.

Kipo kitendawili cha nne, na hicho kiliwahi kutegwa na mzee aliyekuwa amenyamaza jioni nzima. "Hakina mabawa, hakina injini, kilibeba vita yote kichwani." Watu walitaja malori, wakataja treni, mwisho wakatoa mji. Jibu lilikuwa mpagazi.

Mzee hakukosea. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na hapa Kariakoo lilipo soko ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Risasi, unga, dawa, vyote viliingia bara vichwani mwa watu, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo na barabara zilikuwa chache. Upande wa Wajerumani hali ilikuwa hiyohiyo. Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa mtoni na kupelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja ulifika Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini majina yao hayapo.

Tunalijua jina la Cull na la Arnold. Tunajua ndege yao iliundwa na nani na injini ilikaa wapi. Waliofyeka uwanja wa Mafia ili ndege hiyo iruke hatuwajui. Ndiyo maana nasema kutaja jina mapema kuna hasara mbili: tunaweza kukosea, na hata tukipatia, tunaacha kuuliza. Anayejibu "Farman" amepata kahawa yake, lakini bado ana deni la swali moja: nani mwingine alikuwepo?

Msomaji wangu, deni hilo tunaweza kuanza kulilipa. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Vita vya Kagera sasa wanakaribia miaka 70 au wameipita. Wako majumbani kwetu, Kariakoo, Ilala, Temeke na mikoani. Wapo walioendesha malori, waliopika, waliobeba majeruhi, waliojificha migombani ndege zilipopita. Mpe mzee shikamoo yake, kaa naye, washa simu umrekodi. Muulize aliona nini, alikuwa wapi, na alikuwa na nani. Usimkatize kwa kumwambia ndege ile iliitwaje. Msikilize mpaka amalize, kisha andika majina ya watu kwanza.