Uhuru wa Dini ya Jirani Yetu



Baada ya Misa za Dominika iliyopita baadhi yenu mlitufuata mkitaka kujua msimamo wetu kuhusu mwaliko uliosomwa katika matangazo, yaani mkutano wa viongozi na waamini wa dini mbalimbali wa wilaya yetu kwa ajili ya kuombea amani. Mmoja wenu aliuliza kwa upole iwapo Mkatoliki anaruhusiwa kuhudhuria mkutano wa namna hiyo. Mwingine aliuliza kwa uchungu zaidi: kwa nini tujishughulishe na haki za waamini wa dini nyingine, ilhali Wakristo wanateswa na kuuawa katika nchi nyingi? Maswali haya ni ya haki, na la pili halistahili kujibiwa kwa haraka mlangoni mwa kanisa. Ndiyo maana tumeona vema tuyatafakari pamoja wiki hii.

Twende kwanza mahali ambapo swali hilo liliulizwa na watu waliokuwa wametoka kuwazika ndugu zao. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati Wakristo ni wengi na Waislamu ni wachache, na kwa miaka mingi waliishi pamoja, wakiuziana bidhaa na kuoana. Mwezi Machi 2013 waasi wa muungano ulioitwa Séléka, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, waliuteka mji mkuu wa Bangui na kumwondoa Rais François Bozizé madarakani. Waliua na kupora, na parokia na misheni hazikusalimika. Kisha likatokea kundi lililoitwa Anti-balaka, likaanza kulipa kisasi kwa Waislamu wote, hata wale ambao hawakuwahi kushika silaha. Vyombo vya habari viliwaita wanamgambo hao "wa Kikristo", ingawa wengi wao walivaa hirizi shingoni na maaskofu wa nchi hiyo walilikataa jina hilo. Tarehe 5 Desemba 2013 Anti-balaka waliushambulia mji wa Bangui, na damu nyingi ikamwagika pande zote mbili.

Siku hizo za hatari Askofu Mkuu wa Bangui, Dieudonné Nzapalainga, alimpokea nyumbani kwake Imamu Oumar Kobine Layama, kiongozi wa Waislamu wa nchi hiyo, pamoja na familia yake. Hawakukaa usiku mmoja tu. Walikaa miezi kadhaa. Askofu huyo ni wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile ambalo wamisionari wake walifika Bagamoyo mwaka 1868. Wawili hao, pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou wa Makanisa ya Kiinjili, waliunda jukwaa la dini zote na kuzunguka nchini wakifundisha jambo moja: kwamba vita hivyo vilitokana na tamaa ya madaraka na mali, na kwamba dini ilikuwa inatumiwa kama kuni za kuchochea moto.

Tuangalie sasa ushirikiano huo ulivyovuka mipaka. Viongozi hao watatu walisafiri pamoja hadi Ulaya na Marekani, wakaeleza mateso ya watu wao wote. Walipoingia katika ofisi za wakubwa, Askofu hakuomba ulinzi wa Wakatoliki peke yao, wala Imamu hakuomba ulinzi wa Waislamu peke yao. Ni vigumu kumpuuza mtu anayemwombea jirani yake. Sauti yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizoomba kikosi cha kimataifa, na tarehe 10 Aprili 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kulinda amani, ambacho wanajeshi wa Tanzania nao wamekitumikia. Baadaye mashirika ya imani mbalimbali, yaani Catholic Relief Services la Wakatoliki wa Marekani, Islamic Relief la Waislamu na World Vision la Wakristo, yalishirikiana na jukwaa hilo katika kazi ya upatanisho. Pamoja nao lilikuwapo shirika la Aegis Trust, linalohudumu katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari mjini Kigali. Wanyarwanda wanajua kwa gharama kubwa jirani anapofundishwa kumwona jirani yake kuwa adui.

Mapadre na maaskofu wengine walitenda bila kamera wala mikutano. Huko Bossemptélé, Padre Bernard Kinvi, Mkamiliani kutoka Togo, aliwahifadhi mamia ya Waislamu katika misheni na hospitali mwanzoni mwa mwaka 2014. Huko Bangassou, mwezi Mei 2017, Askofu Juan José Aguirre Muñoz alisimama mbele ya Waislamu waliokimbilia msikitini ili risasi zisiwafikie, kisha akawapa hifadhi katika seminari ndogo ya jimbo, karibu watu elfu mbili. Wapendwa, hebu mfikirie seminari yetu ikijaa wakimbizi ambao si waamini wetu, na walio nje wakitutaka tuwatoe. Tungefanya nini?

Ndipo Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, baada ya kuzuru Kenya na Uganda, alipokwenda Bangui tarehe 29 Novemba 2015, licha ya hofu ya usalama. Siku hiyo, Dominika ya Kwanza ya Majilio, aliufungua Mlango Mtakatifu wa Kanisa Kuu la Bangui, kabla hata ya kuufungua ule wa Mtakatifu Petro jijini Roma. Kesho yake aliingia katika mtaa wa PK5, ambako Waislamu walikuwa wamezingirwa, akauzuru msikiti wa Koudoukou na kuwaambia kwamba Wakristo na Waislamu ni ndugu. Kwa matendo hayo mawili Baba Mtakatifu alitufundisha kwamba anayefungua mlango wa huruma kanisani hawezi kumfungia jirani yake mlango.

Je, wema huo ulizaa amani kamili? Hapana, wala hatupaswi kuwadanganya. Mwezi Machi 2015 balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa alieleza kwamba karibu misikiti yote ya nchi hiyo, 417 kati ya 436, ilikuwa imeharibiwa. Kanisa la Mama Yetu wa Fatima la Bangui lilishambuliwa mwaka 2014, na tena tarehe 1 Mei 2018 wakati wa Misa. Kila mara aliuawa padre pamoja na waamini. Muuliza swali wetu yuko sahihi kabisa: Wakristo wanauawa. Lakini Askofu Mkuu Nzapalainga, ambaye mwaka 2016 alifanywa Kardinali, hakubadilisha mafundisho yake juu ya makaburi hayo. Naye Imamu Kobine, hadi alipofariki mwezi Novemba 2020, hakuacha kuwatetea Wakristo. Kila mmoja alijua kwamba kisasi kingewafikia kwanza wale wasio na hatia.

Msidhani kwamba wema huo huenda upande mmoja tu. Tarehe 21 Desemba 2015, majuma machache baada ya Baba Mtakatifu kuondoka Nairobi, magaidi walilisimamisha basi karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika shambulio hilo na akafariki mwezi Januari 2016. Alikufa kwa sababu hakukubali mtu auawe kwa ajili ya dini yake. Hakuna aliyemdai kwanza ahakikishe kwamba Wakristo nao wangemtendea hivyo.

Sasa tuyasikilize mafundisho ya Kanisa. Tarehe 7 Desemba 1965 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walilipitisha Tamko juu ya Uhuru wa Dini kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Haikuwa kazi nyepesi. Mjadala ulikuwa mrefu na mkali. Wapo waliohofu kwamba Kanisa litaonekana kusema dini zote ni sawa. Lakini wapo maaskofu, kama wale wa Poland, akiwamo Karol Wojtyła, waliotoka katika nchi ambazo serikali ilikuwa inaibana imani, nao walijua thamani ya uhuru huo. Mtaguso haukusema kwamba ukweli hauna maana, wala kwamba Kristo ni mmoja tu kati ya wengi. Ulifundisha kwamba kila mtu anao wajibu wa kuutafuta ukweli, na kwa sababu hiyohiyo asilazimishwe wala asizuiwe, awe peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani, mradi anaheshimu haki za wenzake na utulivu wa jamii. Haki hii imejengwa juu ya heshima ya binadamu aliyeumbwa na Mungu, nayo haiondoki hata kwa yule anayekosea. Ndiyo maana hatuwezi kuidai kwa ajili yetu tukawanyima wengine. Tukifanya hivyo tunaung'oa msingi ambao juu yake sisi wenyewe tumesimama.

Serikali nazo zimelitambua jambo hili. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 18, linalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, pamoja na uhuru wa kubadili dini. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani na kuacha uendeshaji wa shughuli za dini nje ya mamlaka ya nchi. Na tarehe 4 Februari 2019, mjini Abu Dhabi, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, walitia sahihi Hati juu ya Udugu wa Kibinadamu, wakikataa kabisa jina la Mungu kutumika kuhalalisha mauaji. Lakini karatasi hizo zote, hata zikiwa nzuri namna gani, hazikuwapo barabarani pale El Wak. Aliyekuwapo ni mwalimu mmoja pamoja na abiria wenzake.

Turudi sasa kwenye swali la kwanza: je, Mkatoliki aende katika mkutano huo? Ndiyo, aende. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alituonyesha njia tarehe 27 Oktoba 1986, alipowaalika viongozi wa dini za dunia huko Assisi. Kila kundi lilisali kwanza mahali pake, kwa desturi yake, ndipo wote wakakusanyika pamoja. Hakuna aliyetakiwa kuificha imani yake wala kutamka sala isiyo yake. Nasi tutafanya vivyo hivyo. Hatuendi kuchanganya dini. Tunakwenda kama Wakatoliki, na ishara ya msalaba hatutaiacha nyumbani.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa imani iliyodharauliwa na wasikilizaji wake (Lk 10:25-37). Mfano huo unatuhusu moja kwa moja. Uhuru wa dini haulindwi kwanza na mikutano mikubwa, bali na mambo madogo tunayoyafanya tukiwa hapa. Tunapoambiana utani wa kuudhalilisha mfungo wa jirani, tunapomnyima mtu chumba cha kupanga kwa sababu ya jina lake, tunapomtisha kijana wetu badala ya kuzungumza naye kuhusu imani, tunaukwangua uhuru huo kidogo kidogo. Na tunaposikia habari za kweli za Wakristo wanaoteswa mahali popote, tusinyamaze. Tuwaombee, tuwachangie, tupaze sauti. Lakini tuipaze kama walivyoipaza wale wa Bangui, tukimtaja pia jirani anayeteswa ambaye si wa kwetu.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo wiki hii tunawaomba mjadili maswali haya:

1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye haabudu kwa amani, na sisi tumechangia nini katika hali hiyo?

2. Ni jirani gani wa dini nyingine aliyewahi kututendea wema, nasi hatujamshukuru?

3. Kama fujo zingetokea usiku wa leo, je, kuna mtu wa imani nyingine ambaye angediriki kuubisha mlango wetu?

Swali la tatu ndilo tunalowaomba mlichukue hadi nyumbani. Imamu Kobine alijua mlango wa kwenda kwa sababu urafiki ulikuwapo kabla ya Desemba. Urafiki hauanzi kujengwa siku risasi zinapolia. Mkutano wa wilaya utafanyika Jumamosi saa nne asubuhi; nasi tutakuwapo, na tunatumaini kuwaona.

Ee Mungu, Baba wa wote, uwapokee katika rehema yako waliouawa kwa ajili ya dini zao na waliouawa wakiwatetea wengine. Utupe imani isiyoogopa imani ya jirani, na milango isiyohitaji kuvunjwa ili ifunguke. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakieni Dominika njema na yenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko