Safari ya Masinga, na Mashine Iliyokataa Kuwaka

Watu wa mbali wasikiapo jina la Machakos hufikiri habari za vilima vikavu, matuta ya kuzuia udongo, maembe, na wachonga vinyago wa Wamunyu. Ni nadra kumwona mtu afikiriye vyombo vya majini. Hata hivyo, ziwa kubwa kupita yote yaliyofanywa kwa mikono ya watu katika nchi ya Kenya liko mpakani mwa Machakos na Embu, nalo ni ziwa la Masinga.

Mji wa Machakos wenyewe ni mkubwa kwa Nairobi kwa umri. Kampuni ya Waingereza ilijenga boma hapo mwaka 1889, mahali palipoitwa kwa jina la Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba. Lakini reli ilipita mbali, na mwaka 1899 makao ya utawala yakahamishwa kwenda Nairobi. Msafiri atakaye kwenda Masinga huiacha milima ya Iveti nyuma yake, akashuka upande wa kaskazini hata kufika nyanda za Yatta. Kadiri anavyoshuka ndivyo joto linavyozidi na miti inavyopungua kimo. Karibu na Matuu atauona mfereji wa Yatta, uletao maji kutoka mto Thika. Mfereji huo ulichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Yapitapo maji yake pana mashamba ya mboga. Yasipofika pana miiba na mbuzi.

Ziwa lenyewe lilitokea pale mto Tana ulipozibwa, na bwawa likamalizika mwaka 1981. Likijaa, maji hufunika eneo la kilomita za mraba 120 hivi. Mitambo yake ya umeme ni ya megawati 40 tu, lakini kazi yake kubwa ni kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mabwawa manne yaliyo chini yake, yaani Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma mwendo mrefu na kuacha tope jeusi. Lakini katika mvua kubwa za mwaka 2018, na tena mwaka 2024, yalijaa hata yakamwagika juu. Wavuvi hupata humo perege na kambare, nao hukaa kwa tahadhari, maana viboko na mamba pia wamo.

Nilipofika huko, niliwakuta watu wameketi chini ya mgunga pwani ya ziwa, na mizigo yao ya mahindi na kuku kando yao, wakingoja motaboti ya kuwavusha upande wa pili. Kuzunguka kwa barabara ni safari ndefu na nauli ni ya kuumiza. Motaboti ilikuwapo, bali ilikuwa siku ya tatu haiwaki. Mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili kuitengeneza.

Mashine yake ilikuwa ya petroli, ya namna ya zamani, iliyofungwa ndani ya chombo. Kwa miaka mingi moto wake ulikatwa na pointi, vile vyuma viwili vidogo vifungukavyo na kufungana ndani ya distributa. Pointi huliwa na moto, na unyevu wa majini huzitia kutu. Kwa hiyo yule kijana alishauriwa kuzitoa na kuweka kifaa cha kisasa cha elektroniki kisicho na vyuma vya kugusana. Shauri hilo lilikuwa jema. Lakini tangu siku kilipofungwa, mashine ikawa na tabia ya ajabu: akigeuza ufunguo wa kuwashia, huitikia na kunguruma, akiuachia tu ufunguo, hufa papo hapo.

Alikuwa amekwisha kusafisha kabureta, akabadili plagi zote, akamwaga petroli na kutia nyingine. Fundi mmoja alimwambia kwamba kifaa kipya ni kibovu, anunue cha pili. Kununua cha pili maana yake ni kuuza ng'ombe wa tatu, naye wa tatu ndiye aliyebaki.

Ndipo alipoitwa mzee mmoja aliyepata kuwa fundi wa malori. Hakushika spana. Kwanza aliamuru mfuniko wa mashine ufunguliwe na hewa ipite kwa muda, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ndani ya chombo, na cheche moja yaweza kukiteketeza pamoja na watu. Kisha akauliza, “Mwanangu, hufa lini hasa? Kabla ya kuachia ufunguo, au baada?”

Kijana akajibu, “Baada, mzee.”

“Basi petroli haina kosa,” akasema. “Petroli haijui ufunguo uko wapi.”

Akatoa mita yake, akapima umeme kwenye koili. Stata ilipokuwa ikizungusha mashine, mshale ulionyesha volti zaidi ya 10. Ufunguo ulipoachiwa, mshale ukashuka hadi karibu na 7. Hapo jambo likawa wazi. Katika mashine nyingi za pointi, umeme uendao kwenye koili hupunguzwa na waya au kifaa cha kuzuia, ili pointi zisiungue upesi. Wakati wa kuwasha tu, njia nyingine hupeleka nguvu yote ya betri. Waya mwekundu wa kifaa kipya ulikuwa umefungwa kwenye koili, baada ya kile kizuizi. Pointi ziliridhika na volti 7, lakini kifaa cha elektroniki chataka 12.

Mzee akautoa waya ule, akaufunga mahali umeme utokapo kwenye ufunguo kabla ya kufika kwenye kizuizi. Koili akaiacha nyuma ya kizuizi kama ilivyokuwa, maana koili ya namna ile ikipewa nguvu yote huungua. Akakwangua kutu kwenye vichwa vya betri na kwenye waya wa ati. Mashine ikawaka, na ufunguo ulipoachiwa ikaendelea. Mwisho akarekebisha wakati wa cheche kwa taa yake, kwa kuwa kifaa kipya huubadili. Watu wakapakia kuku wao kabla upepo wa alasiri haujachafua maji.

Wako wasomaji wetu wengi wenye mashine kama hizo, iwe ya kuvushia watu, ya kuvuta maji shambani, au ya gari la zamani. Yafaa wakumbuke mambo haya. Mashine ikifa ufunguo uachiwapo, tazama njia ya umeme ya wakati wa kwenda. Ikiitikia pale tu ufunguo uachiwapo, basi kosa laweza kuwa katika njia ya wakati wa kuwasha, au betri imechoka hata stata inakula umeme wote. Usibadilishe chanya na hasi, maana kifaa cha elektroniki huharibika mara moja. Usiache ufunguo wazi na mashine imesimama. Na katika chombo cha majini usifunge vifaa vya moto vya gari. Vya majini hufunikwa ili cheche zisiufikie mvuke wa petroli.

Zaidi ya hayo, mtu apime kabla ya kununua. Yule mzee hakudai ila nauli na samaki wawili, na ng'ombe wa tatu yuko bado malishoni.