Wanafunzi wa Mlimani na swali la rangi, 1966–1971

Vijana wengi wa Tanzania Bara walioingia chuo kikuu Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza darasa la kwanza katika shule zilizotengwa kwa rangi. Serikali ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mgawanyo huo ulifutwa rasmi Januari 1962. Kulala bweni moja na kula meza moja Mlimani, kilipo chuo hicho, kulikuwa bado jambo jipya, na ujirani huo peke yake haukutosha kuwafanya watu wawe kitu kimoja.

Vuguvugu la kwanza kubwa la wanafunzi halikumhusu mnyonge. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mshahara, na baadhi ya mabango yalidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwafukuza wanafunzi 393 warudi makwao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Wanafunzi waliobaki na waliofika mwaka huo walijikuta wakiulizwa, na wakijiuliza, elimu yao ilikuwa ya nani.

Kutokana na swali hilo ilizaliwa mwaka 1967 jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi iliyojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda, na wanachama walitoka Tanzania, Kenya, Malawi, Rhodesia, Ethiopia na kwingineko. Jumapili walikuwa na darasa lao wenyewe, wakisoma Fanon, Nkrumah, Lenin na Cabral. Mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alikuwa karibu nao sana. Wahadhiri Wazungu nao, kama John Saul wa Kanada na Giovanni Arrighi wa Italia, walishiriki mijadala ya siasa ya mrengo wa kushoto chuoni. Mtu alipimwa kwa hoja aliyoitetea na kwa kazi aliyokuwa tayari kuifanya.

Kazi ndiyo iliyowaunganisha kuliko maazimio. Mwaka 1968 Museveni aliongoza kundi dogo la wanafunzi hadi kaskazini mwa Msumbiji, katika maeneo ambayo Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilikuwa kimeyakomboa. Mwaka huo huo USARF iliivuruga hadi ikavunjika ile siku ambayo wanafunzi, kwa kufuata mila ya vyuo vya Uingereza, walivaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha sadaka. Kwao, msomi kuuigiza ufukari mbele ya mtu aliye fukara kwelikweli kulikuwa dharau, na ni vigumu kuwapinga katika hilo.

Isidhaniwe kwamba mji mzima ulikuwa na fikra hizo. Mwaka 1968 Taasisi ya Msumbiji, shule ya Frelimo jijini Dar es Salaam iliyosimamiwa na Janet Mondlane, Mmarekani Mzungu na mke wa kiongozi wa chama, ilikumbwa na machafuko. Sehemu ya wanafunzi iliwakataa walimu Wazungu, wakiwemo Wareno waliokuwa wameiasi serikali yao na kujiunga na mapambano. Baadhi ya walimu hao walilazimika kuondoka nchini. Mumewe Janet, Eduardo Mondlane, alishikilia kwamba adui ni mfumo wa ukoloni na wala si rangi ya ngozi. Tarehe 3 Februari 1969 aliuawa kwa bomu humo humo jijini. Kwa wanafunzi wa Mlimani hoja ile haikuwa ya vitabuni tena. Watu walikuwa wakiifia.

Novemba 1969 lilitoka toleo la kwanza la jarida la Cheche, lililotolewa na USARF pamoja na tawi la chuoni la Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji: Mtanzania wa asili ya Kihindi, Mwafrika wa Bara, na mwanamke katika chuo ambacho wanawake walikuwa wachache. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, kisha wanafunzi wenyewe wakazipanga kurasa na kuzibana. Mwaka 1970 jarida lilitoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Shivji, naye wa asili ya Kihindi, hakuwatetea wafanyabiashara wa jamii yake. Aliwaweka mahali pao katika uchumi, akaonyesha pia jinsi mtaji wa kigeni ulivyoendelea kunufaika ndani ya mashirika yaliyotaifishwa. Kueleza unyonyaji bila kuuficha nyuma ya rangi kulihitaji ujasiri pande zote.

Novemba 1970 serikali iliipiga marufuku USARF na Cheche pia, kwa maelezo kwamba tawi la vijana wa TANU lilitosha. Wahariri hawakunyamaza; mwaka 1971 tawi hilo lilianza kutoa jarida la MajiMaji. Julai mwaka huo polisi wenye silaha walimwondoa chuoni rais wa wanafunzi, aliyekuwa Mkenya, na wenzake Watanzania wakasimama naye.

Udhaifu wao mkubwa ulikuwa lugha. Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini karibu kila lililoandikwa ndani yake lilikuwa la Kiingereza, hivyo mjadala haukushuka sana kutoka Mlimani. Aprili 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, ambayo mengi yalikuwa ya Waasia, mitaani suala lilizungumzwa kwa rangi zaidi kuliko kwa tabaka, na familia nyingi za Kiasia zilihama.

Rodney aliondoka Dar es Salaam mwaka 1974. Kwao Guyana, ambako siasa iliwagawa wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India, alishiriki kujenga chama cha Working People's Alliance kilichowaleta pamoja, hadi alipouawa kwa bomu tarehe 13 Juni 1980. Kumbukumbu za wenzake wa Mlimani zilikusanywa na Hirji katika kitabu kuhusu Cheche kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010.