Uso kuvimba asubuhi: rulo mara ngapi kwa siku?

Bunia, Ituri. Mama mmoja msusi, aliyekimbia vita vya Djugu mwaka 2018 na watoto wawili na sufuria moja, ana rulo ya uso ambayo binamu yake alimletea kutoka Kampala. Ni kijiwe laini kilichotiwa kwenye kishikio cha chuma, kinazunguka ukikisukuma juu ya shavu. Wateja wake wanaipenda kwa sababu matokeo yanaonekana papo hapo: wanakuja na macho mazito, wanaondoka macho yamefunguka. Swali lao ni lile lile, mara ngapi kwa siku?

Yeye huwajibu: mara moja, asubuhi, dakika tano. Anayependa sana aongeze jioni. Zaidi ya hapo ni kuichosha ngozi bure.

Yuko sawa. Mtu akilala usiku kucha, maji ya mwilini ambayo mchana huelekea miguuni hubaki usoni, hasa chini ya macho ambako ngozi ni nyembamba. Aliyekula makayabu yenye chumvi nyingi, aliyelia, aliyekunywa pombe au aliyekesha kwa sababu risasi zilisikika, huamka na uso mzito. Rulo huyasukuma maji hayo, na ubaridi wa jiwe hubana mishipa midogo. Baada ya saa chache kazi yake imekwisha. Na kwa kweli, mtu akiamka akachota maji na kufagia, uso hupungua wenyewe, ila wateja hawapendi kuambiwa hivyo.

Usikandamize. Anzia kando ya pua kuelekea sikio, kisha ushuke shingoni. Asiye na rulo achukue kijiko cha chuma kilicholala ndani ya mtungi wa maji, akiweke taratibu chini ya macho. Kinasaidia vile vile.

Tatizo la kambini ni kuazimana, kitu kimoja kinazunguka hema kumi. Msusi huyu anaosha rulo kwa sabuni kila baada ya mteja, na hampitishii mwenye vidonda, vipele vyenye usaha au macho mekundu, hata akitoa pesa mara mbili. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia, na Kongo ndiyo iliyoumia zaidi. Ugonjwa huo hupita kwa ngozi kugusana, na pia kwa vitu vilivyogusa vidonda vya mgonjwa.

Lakini si kila uvimbe ni wa usingizi. Jirani yake mmoja, binti mwenye mimba ya miezi minane, alianza kuja kila asubuhi: "Yaya, uniazime rulo." Siku zilizofuata akaja na mchana, kisha na jioni. Uso ulikuwa unavimba tena hata bila kulala, na vidole navyo vilinenepa mpaka pete ikakataa kutoka. Siku ya nne akasema kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli mbele ya macho. Msusi akaitia rulo mfukoni, akamfunga binti kitenge, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi akapima presha: 160 kwa 110. Hakungoja saa ipite, akamtuma hospitali. Mtoto alizaliwa mapema, mdogo, na wote wawili wako hai.

Mimba ikishapita wiki 20, presha ikifika 140 kwa 90 ni hatari inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Miguu kuvimba kidogo ni kawaida kwa wajawazito wengi. Uso na mikono kuvimba ghafula, kichwa kikali, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu: hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo, usingoje siku ya CPN. Mumeo akisema mngoje kesho, ita mkunga au jirani akusindikize.

Watoto nao. Kuna bibi husema mjukuu amenenepa mashavu, anashukuru Mungu, kumbe ni bwaki, utapiamlo wenye kuvimba. Mtoto huyo huwa mnyonge, analia akiguswa, nywele zinageuka rangi na kung'oka ovyo, hataki kula. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu mpaka tatu, kisha achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya leo. Watampima mkono kwa utepe wa rangi, na kama bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mkali, mara nyingi hurudi nyumbani na pakiti za siagi ya karanga yenye vitamini na madini. Pakiti hizo ni zake peke yake, hazigawanywi na ndugu zake wala haziuzwi sokoni.