Mruhusuni fundi wa kusini afungue paneli

Huku Ujerumani, mashine ya kiwandani ikizima usiku, anayefungua kabati la umeme ni fundi wa matengenezo aliye zamu. Ndani ya kabati hilo kuna PLC, kompyuta ndogo inayopokea taarifa kutoka kwenye sensa na swichi, kisha ikaamua mota ipi iwake na valvu ipi ifungwe. Kwetu Tanzania vifaa hivyo vipo pia, kwa kuwa kiwanda cha kisasa hakiendi bila udhibiti wa aina hiyo, kiwe cha saruji, cha gesi au cha kusindika korosho. Kinachopishana ni mkono unaoruhusiwa kuvigusa. Mara nyingi fundi wetu humwita mhandisi, mhandisi humpigia simu wakala aliyeko mbali, na kazi inalala hadi mgeni afike. Hoja yangu ni kwamba chanzo cha pengo hili ni namna tunavyowafundisha mafundi, akili wanayo.

Wajerumani wana fani inayoitwa Mechatroniker, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1998, inayounganisha umakanika, umeme na udhibiti wa kompyuta. Mwanagenzi husaini mkataba na kampuni, hulipwa posho ya kila mwezi, na kwa miaka mitatu na nusu hugawa muda wake kati ya karakana ya kampuni na shule ya ufundi. Mtihani husimamiwa na chemba ya biashara na viwanda, kwa hiyo mwajiri hawezi kujipimia mwenyewe. Kusaka hitilafu ni sehemu ya mafunzo tangu mapema. Mwalimu hulegeza waya mmoja nyuma ya ubao wa mazoezi, au hubadilisha sensa nzima kwa iliyokufa, kisha humwachia mwanafunzi mita, mchoro wa umeme na muda. Akipata jibu kwa kubahatisha hajafaulu. Lazima aeleze alipima wapi, alitarajia nini na alikuta nini.

Tuchukue pampu iliyogoma kuwaka. Fundi aliyefunzwa hivyo hakimbilii programu. Hutazama kwanza taa ndogo kwenye uso wa PLC. Taa ya swichi ya kiwango cha maji ikiwa imezima ilhali tangi limejaa, basi PLC haijaambiwa kwamba maji yapo, na haina kosa kukataa kuwasha pampu. Hapo hupima kama volti 24 zinafika kwenye swichi, kisha kama zinarudi. Zikifika na zisirudi, swichi imekufa au maji ya chumvi yamekula kiungo chake, jambo la kawaida kabisa katika mwambao wetu. Zikirudi zikaishia njiani, waya umekatika. Taa ya kuingiza ikiwaka na ya kutoa ikawaka, lakini kontakta, yaani swichi inayowasha pampu, isivute, tatizo liko mbele ya PLC. Hitilafu nyingi ziko huko nje, kwenye sensa, waya na viungo, mahali ambapo fundi wa umeme anapajua tayari. Hata lugha ya programu ilibuniwa kwa ajili yake: General Motors ilipotaka kuachana na makabati ya rilei, swichi zinazoendeshwa kwa umeme, mwaka 1968, Dick Morley na wenzake walitengeneza Modicon 084, na programu yake ikachorwa kwa umbo la ngazi, kama michoro ya rilei ambayo mafundi wa kiwandani walikuwa wakiisoma miaka yote. Sisi ndio tulioligeuza jambo hilo kuwa mali ya wenye shahada.

Nyumbani hatuanzi sifuri. Tangu sheria ya mwaka 1994, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imejengwa juu ya mafunzo ya vitendo. Mwaka 2012 vyuo vyake vya Lindi na Mtwara viliingia katika mpango na shirika la kujitolea la VSO na kampuni ya gesi ya BG wa kuwaandaa vijana kwa ajira za gesi. Pingamizi la kwanza ni la mahali: wapo watakaosema pwani ya kusini, kama vile Ghuba ya Sudi, ni ya wavuvi, haina kiwanda cha kumlea mwanagenzi. Lakini Sudi iko kati ya Lindi na Mtwara, katika ukanda wenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, mitambo ya kusindika gesi ya Madimba, saruji ya Dangote, na bomba la gesi la kilomita 542 lililozinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana wakidai gesi iwanufaishe kwanza. Faida inayodumu ni kijana wa hapo kushika zamu kwenye paneli, kwa kuwa mshahara huo haumaliziki na ujenzi wa bomba.

Pingamizi la pili ni usalama: fundi akichezea programu anaweza kuharibu mtambo au kuua mtu. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni utaratibu. Kusoma programu ni kazi moja, kuibadilisha ni nyingine. Nenosiri hutenganisha mbili hizo, na kufuli la kuzimia umeme humlinda anayepima. Asiyefunzwa ndiye wa kuogopwa, kwa sababu usiku wa manane atafunga sensa kwa kipande cha waya ili mashine iendelee. La tatu ni gharama. Bodi ya mazoezi haihitaji PLC mpya. Iliyotolewa kiwandani kwa uzee inatosha, pamoja na sensa chache, mota ndogo na swichi zilizofichwa za kuleta hitilafu. Nahodha hafundishwi usukani kwenye ubao wa darasa, na fundi naye hatajua hitilafu kwa kunakili mchoro.

Fedha nazo zina mlango. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara Julai 2023. Kampuni za kusini zina haki ya kuuliza tozo hiyo inarudi kwao kwa sura gani, na VETA ina haki ya kuwajibu: tupeni nafasi za wanagenzi na vifaa vyenu vya zamani. Madiwani na wabunge wa Lindi na Mtwara, mkikagua chuo msihesabu majengo. Ombeni mwanafunzi aletewe bodi iliyoharibiwa makusudi, mkae mumtazame akiitafuta hitilafu.